Vitz na Passo zinazosumbua injini: fuata dalili kabla hujakubali kubadilishiwa injini

Ukipeleka Toyota Vitz au Passo gereji hapa Kampala ikiwa inatetemeka au imechemsha, mara nyingi jibu linakuja hata boneti haijafunguliwa vizuri: "Bosi, hii injini imeisha, tukutafutie ya Japani." Na mtu anakubali, anaenda kukopa kwenye sacco, injini ya mtumba inafungwa, baada ya muda shida ileile inarudi kwa sababu kilichoua ile ya kwanza, rejeta iliyoziba au feni isiyozunguka, hakikuguswa kabisa. Hilo linaniuma sana manake hizi gari ndo zinabeba walimu, manesi, watu wa speshol (teksi za kukodi), watu ambao hawana pesa ya kununua injini mara mbili, na injini zenyewe si mbovu kama zinavyosemwa. Nyingi zinazohukumiwa kifo zilikuwa zinahitaji koili moja (inayoipa plagi umeme wa cheche) au wota pampu, yaani pampu ya maji. Kwa hiyo sheria yangu ni moja tu: fundi akisema injini imekufa, mwambie akuonyeshe kwa kipimo. Hapa chini naeleza dalili zinavyosomeka na kipimo gani uombe.

Kwanza jua una injini gani, usiseme tu "Vitz". Angalia kibati cha chasisi. SCP10, ile ya umbo la kwanza lililoanza 1999, ina 1SZ-FE ya cc 997, silinda nne. NCP10 ni 2NZ-FE ya 1.3. KSP90 ya kuanzia 2005 na KSP130 iliyofuata, pamoja na Passo KGC10, zote ni 1KR-FE, cc 996, silinda tatu. NCP91 ni 1NZ-FE ya 1.5. Hiyo 1KR iliundwa na Daihatsu na ndo hiyohiyo iko kwenye Toyota Aygo, Citroën C1 na Peugeot 107 za Ulaya, kwa hiyo magonjwa yake yanajulikana dunia nzima, hakuna uchawi hapo. Na kitu kimoja mapema: silinda tatu kwa maumbile yake inatetemeka kidogo gari ikisimama inaunguruma, kwa hiyo ukitoka kwenye Premio ya silinda nne ukaingia kwenye Passo usikimbilie gereji siku ya kwanza.

Gari inachemsha

Hapa nitakaa sana kwa sababu hapa ndo injini nyingi zinafia. Vitz na Passo nyingi hazina mshale wa joto kwenye dashibodi, zina taa mbili tu, ya buluu ikimaanisha injini bado baridi na nyekundu ikimaanisha imechemka. Katikati hapo hakuna habari yoyote. Alafu mbaya zaidi, sensa inayowasha hiyo nyekundu inatakiwa kuwa ndani ya maji ndo isome vizuri, sasa kama maji yameshavuja yote sensa inabaki kwenye mvuke au hewa na taa inaweza kuchelewa au isiwake kabisa, wewe unaendelea kukanyaga mafuta ukijua mambo sawa kumbe hedi, kile kichwa cha injini, inapinda. Ndo maana kwa hizi gari kuangalia maji asubuhi si hiari. Ukiweza nunua kale kamashine ka Bluetooth kanakochomekwa chini ya usukani, utaona joto kwa namba kwenye simu (kwenye SCP10 na zingine za zamani zile za bei rahisi mara nyingi hazishiki, jaribu kwanza kabla hujalipa).

Sasa uliza inachemsha wakati gani. Kama inachemsha kwenye jamu, Kibuye au Jinja Road pale, lakini ukipata barabara wazi inapoa, shida iko kwenye feni: mota imekufa, relei, fyuzi, waya, au ile plastiki inayozunguka feni ilitolewa na mtu akaona haina kazi. Washa AC gari ikiwa imesimama, kwenye nyingi feni inatakiwa kuzunguka saa hiyohiyo, kama haizunguki umeshapata pa kuanzia. Kama ni kinyume, kwenye jamu iko sawa lakini ukipanda milima, tuseme unatoka Mbale kwenda Kapchorwa na watu watano na magunia, ndo inachemsha, basi maji hayazunguki ya kutosha au rejeta imeziba. Imeziba ndani kwa kutu na chumvi za maji ya bomba, au nje kwa matope na wadudu. Msimu wa nsenene (panzi), na kwa watu wa Entebbe wale wadudu wa ziwani, mapezi ya rejeta yanajaa hadi hewa haipiti. Osha kwa maji ya presha ndogo kutokea upande wa injini kwenda nje, presha kubwa ya sehemu ya kuoshea magari inalaza yale mapezi na unajiongezea shida.

Kifuniko cha rejeta watu wanakidharau sana. Kampala iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, huku maji ya kawaida yanachemka karibu nyuzi 96, si 100, na Kabale ambako ni juu zaidi yanachemka mapema zaidi. Feni ya hizi gari inaanza kuzunguka kwenye nyuzi 90 na kitu. Unaona nafasi ilivyo ndogo? Kinachookoa ni presha, ile namba kwenye kifuniko, 0.9 au 1.1, ndo presha kinachoshikilia na inasogeza kiwango cha kuchemka kwa zaidi ya nyuzi 20. Raba ya kifuniko ikichoka maji yanachemka hata kabla feni haijapata kazi, gari inatema maji kwenye rizevu tanki na fundi anakwambia gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku, imeungua. Badilisha kifuniko kwanza, kwa namba ileile iliyokuja na gari.

Maji yanapungua lakini huoni tone chini? Kwa 1KR angalia wota pampu, hiyo ni shida yake maarufu. Kulanti (maji ya dawa ya rejeta) inavuja kidogokidogo inakaukia pale kwenye pampu, unakuta ukoko wa rangi ya waridi au mweupe, saa ingine na mlio wa beringi ukiwasha asubuhi. Angalia pia hozi za hita karibu na ukuta wa injini, na zulia la abiria wa mbele kama limelowa.

Alafu termostati, ile valvu inayozuia maji kwenda rejeta hadi injini ipate joto. Hapa nasema bila kuficha, kutoa termostati ni kosa hata kama makanika wote wa mtaa wanafanya hivyo. Wanasema nchi yetu ni ya joto haihitajiki. Ukiitoa injini inachelewa kupata joto, taa ya buluu inakaa sana, kompyuta inadhani gari ni baridi inazidi kumwaga petroli, unalalamika gari inakunywa mafuta, na petroli nyingine inateremka kwenye oili inaipunguza nguvu. Ukisomewa kodi (namba ya hitilafu inayotolewa na kompyuta ya gari) P0128, yaani injini haifiki joto lake, na unajua gari ilishapita mikono mingi, uliza kama termostati iko ndani.

Sasa hiyo gasketi ya hedi yenyewe. Ipo, inaungua kweli hasa gari ikichemshwa mara mbili tatu, manake hedi ni ya aluminiamu na inapinda. Lakini dalili zake zinapimika. Asubuhi gari baridi kabisa, fungua kifuniko, jaza maji, washa: ukiona mapovu yanatoka mfululizo bila kuisha hiyo ni hewa ya silinda inaingia kwenye maji. Ukiwasha na ndani ya dakika moja mbili hozi ya juu imekuwa ngumu kabisa wakati bado baridi, hiyo hiyo. Plagi moja ukiitoa unakuta imeoshwa safi kuliko zingine, maji yanaingia silinda ile. Kuna pia kifaa kinachokaa mdomoni mwa rejeta chenye maji ya buluu, kikivuta gesi ya moshi yanageuka manjano, gereji nzuri wanacho. Lakini ute mweupe kama maziwa chini ya kifuniko cha oili peke yake si ushahidi, gari ya safari fupifupi inapata unyevu pale, angalia kwenye dipstiki (kijiti cha kupimia oili), kama oili ya kule imekuwa ya maziwa ndo uogope. Na tafadhali usifungue kifuniko cha rejeta gari ikiwa moto, watu wameungua uso kwa hilo.

Ikishachemsha, egesha, zima, subiri ipoe yenyewe hata kama ni nusu saa na zaidi, usimwagie injini maji baridi. Na hedi ikifunguliwa lazima ipimwe unyoofu wake kwa rula kabla ya gasketi mpya, na bolti zifungwe kwa kipimo na mpangilio wake. Fundi anayefunga bolti za hedi kwa kukisia mkono ananunulia gari yako gasketi nyingine.

Inakula oili, inatoa moshi

1KR inabeba oili kama lita 3 tu, NZ kama 3.7. Kwa hiyo lita moja ikipotea kwenye Passo, theluthi nzima imeondoka, na taa nyekundu ya oili haikwambii oili imepungua, inakwambia presha imeisha, yaani umeshachelewa. Ikiwaka, zima injini hapohapo, hakuna cha "nifike tu Nakawa". Pima kwa dipstiki gari ikiwa kwenye usawa na imezimwa dakika kadhaa. Kampala ni vilima vitupu, mtu anapima gari ikiwa imeelekea bondeni anasoma uongo, anaongeza, kesho anapima kwingine anaona imejaa kupita kiasi.

Moshi wa buluu unasema ukitoka wakati gani. Ukitoka puu moja ukiwasha asubuhi alafu ukapotea, au ukitoka baada ya kushuka mlima mrefu mguu ukiwa nje ya mafuta na ukakanyaga tena, hizo ni valvu sili zimekauka, raba ndogondogo tu, na fundi mzuri anaweza kuzibadilisha bila kutoa hedi. Ukitoka muda wote ukikanyaga mafuta, hasa unapopanda, ringi za pistoni zimechoka au zimegandiana kwa uchafu. Ringi za oili kugandiana kunatokana zaidi na kuchelewesha sevisi na kutumia oili isiyoeleweka. Kabla ya kufikiria kufungua injini, badilisha valvu ndogo ya kupumulia injini, ile PCV, manake ikiziba inasukuma oili kwenda kuungua, na ni kitu cha bei ndogo. Angalia pia kama haivuji kwenye kava ya valvu na kava ya taimingi cheni, oili inayovuja na kuungua juu ya ekzosi inanuka ndani ya gari na mtu anadhani injini inakula.

Moshi mweusi ni petroli nyingi, ea klina imejaa vumbi, sensa, nozo ya kupulizia petroli inavuja. Moshi mweupe wa asubuhi Kabale au Fort Portal unaopotea injini ikipata joto ni mvuke tu, acha.

Kuhusu oili yenyewe, hizi injini zilitengenezewa oili nyepesi, 5W-30 au 0W-20. Kuna watu wanaweka 20W-50 "ili iwe nzito isiishe". Nawaelewa, lakini kikaza cheni kinasukumwa na presha ya oili, VVT-i (mfumo unaobadilisha wakati wa kufunguka valvu) nayo inaendeshwa na oili kupitia vitundu vidogo na chujio kadogo, oili nzito asubuhi inachelewa kufika huko. Matokeo yake unasikia cheni inagonga sekunde chache ukiwasha na ukisoma unaweza kukuta kodi P0011, ya huo mfumo wa VVT-i. Kwa injini ambayo haijachoka baki kwenye 5W-30, badilisha kila kilomita 5,000, kwa vumbi na jamu zetu usisubiri 10,000, na nunua duka unaloliamini kwa sababu oili feki zipo sokoni na makopo yake yanapendeza.

Inatetemeka, inamisi, haina nguvu

Kwa injini ya silinda tatu, moja isipochoma umepoteza theluthi ya nguvu, gari inarukaruka hadi viti vinatikisika, hapo ndo mwenye gari anaamini kabisa injini imekufa. Soma kodi. P0301, P0302, P0303 zinakwambia silinda namba ngapi inamisi. Kila silinda ina koili yake juu ya plagi, kwa hiyo kipimo ni rahisi na hakina gharama: hamisha koili ya silinda inayomisi uiweke kwa jirani, futa kodi, endesha, soma tena. Kodi ikihamia kwa jirani, koili ndo mbovu, nunua moja. Isipohama, hamisha plagi vilevile. Isipohama tena angalia nozo, na mwisho kabisa ndo kompresheni, yaani presha ndani ya silinda. Ukitoa koili ukakuta kisima cha plagi kimejaa oili, raba ya kava ya valvu imeisha, badilisha hiyo kwanza la sivyo koili mpya itakufa pia.

Usiendeshe gari inayomisi wiki nzima huku taa ya injini inapepesa. Petroli isiyochomwa inaenda kuungulia kwenye masega ya ekzosi (kile kisafisha moshi, catalytic converter), yanayeyuka, yanaziba, alafu gari inakosa nguvu kabisa hata ukishaweka koili mpya na unaanza kutafuta ugonjwa wa pili uliojitengenezea.

Kama mtetemo uko ukiwa kwenye D umekanyaga breki, lakini ukiweka N unapungua sana na kodi hakuna, angalia mauntingi, zile raba zinazobeba injini. Mashimo yetu yanazimaliza mapema. Na kama ukiondoka gari inatikisika lakini ikisimama mzunguko wa injini umetulia kabisa, usiguse injini, hiyo ni gia boksi. Vitz nyingi za miaka ya baadaye zina CVT (gia boksi ya otomatiki ya mkanda), na mtu akishawekewa ATF, oili ya otomatiki ya kawaida, badala ya oili ya CVT yake, mtikisiko unaanza hivyohivyo.

Mzunguko unapanda na kushuka wenyewe, au gari inazima ukiwasha AC au ukisimama kwenye taa: throto bodi, mlango wa kuingizia hewa kwenye injini, ina masizi. Isafishwe kwa dawa yake na kitambaa laini, bila bisibisi, na bila kulazimisha kile kibati kwa mkono kwenye zile za throto ya umeme. Baada ya kusafisha au kutoa betri, mzunguko unaweza kusumbua kidogo hadi kompyuta ijifunze upya. Sikiliza pia hewa inayovuja kwenye hozi zilizopasuka, hiyo inaleta P0171 (hewa nyingi kuliko petroli), na kwenye NZ safisha sensa ya hewa kwa dawa yake maalum, si petroli.

Kuhusu nguvu, tuwe wakweli. Injini ya lita moja isiyo na tabo (turbo), kwenye urefu wa Kampala inapata hewa pungufu kwa karibu asilimia 12 kuliko Mombasa ilikoshushwa melini. Ukijaza watu na kuwasha AC kupanda Kololo italegea, huo si ugonjwa.

Haiwaki

Hii kwa kifupi. Ukisikia tik tik, ni betri au vichwa vyake vina kutu. Stata ikizunguka vizuri lakini haishiki, mwenzako apige stata wewe usikilize nyuma chini ya kiti cha abiria, pampu ya petroli inatakiwa kuunguruma kidogo. Kimya kabisa, pima fyuzi na relei yake kabla ya kununua pampu. Na hii tabia ya kuweka petroli ya elfu kumi kila siku huku taa ya tanki inawaka inaua pampu, kwa sababu petroli ndo inayoipoza na chini ya tanki ndo kuna uchafu. Kama ilianza kusumbua mara tu baada ya kujaza kituo fulani, toa petroli kidogo kwenye chupa safi iache itulie uone kama kuna maji chini.

Kabla ya kukubali injini nyingine

Dai kipimo cha kompresheni, silinda zote, injini ikiwa na joto, plagi zote zimetolewa, throto imefunguliwa yote na betri iko na nguvu. Kwa 1NZ kiwango cha Toyota ni kama psi 213 kwa injini nzima na chini ya 156 ndo mbaya, tofauti kati ya silinda isizidi kama 14. Lakini hizo namba ni za usawa wa bahari, hapa Kampala hata injini nzuri itasoma pungufu, ukiona 180 na kitu usitishwe. Cha maana zaidi ni silinda kufanana. Moja ikiwa chini sana mwaga oili kijiko kimoja ndani yake upime tena: ikipanda, ni ringi, isipopanda, ni valvu au gasketi, na hizo zinatengenezeka kwa kufungua hedi tu. Andika namba, piga picha ya geji, ndo uongee bei.

Kama kweli silinda zimekwisha, kwenye soko la spea la Kisekka injini za mtumba zipo nyingi. Chukua yenye jina lilelile la injini yako (mfano 1KR-FE), izungushwe kwa mkono uone inazunguka laini, chungulia chini ya kifuniko cha oili kama kuna tope jeusi, na usiifunge kabla ya kubadilisha wota pampu, termostati na sili ya nyuma ya krenki, manake zikiwa nje ni kazi ya saa moja na zikishakuwa ndani ya gari ni siku nzima. Rejeta ya zamani isafishwe au itupwe, usifunge injini nyingine kwenye rejeta iliyoua ya kwanza. Omba risiti yenye namba ya injini, kwa sababu namba ya injini iko kwenye logibuku na siku ya kuuza gari mnunuzi ataifananisha.